Maneno ya Kuazima ya Malkia wa Majivu

Namelok alijisikia akimlaani mwanawe kabla hajafika kwenye kona ya kwa Lucky.

Alikuwa anakwenda darasani, madaftari kwenye mfuko wa kitenge, jua la alasiri likiwa bado linawaka juu ya mabati ya Sombetini. Ilikuwa njia yake ya kila siku. Alifunika cherehani, akajimwagia maji, akabadili nguo, akapita mbele ya kibanda cha gemu cha Lucky kuelekea shule ya msingi ambayo jioni hugeuka kuwa shule ya watu wazima. Siku zote kibandani mle hutoka kelele za mpira na bunduki. Leo ilitoka sauti ya mwanamke mzee, nzito, yenye mikwaruzo, na Namelok aliitambua kama mtu anavyotambua harufu ya nguo zake mwenyewe.

"Lesian!" iliita ile sauti. "Tumbo lililokubeba linakukana. Ziwa ulilonyonya ligeuke nyongo kinywani mwako. Ukipanda, usishuke. Ukiita, uitikiwe na jiwe."

Vijana wa kibandani wakajibu kwa pamoja, wakicheka: "Naai!"

Namelok alisimama njiani. Naai ni jina la Mungu kwa lugha ya nyumbani, na ndivyo Waarusha wanavyoitikia mzee anapobariki. Mzee anatamka neno, waliokusanyika wanasema Naai, na neno linakazwa kama fundo la kamba. Namelok alikuwa ameisikia Naai kwenye harusi, kwenye tohara, kwenye kumtoa mtoto nje. Hajawahi kusikia mtu akiiweka juu ya laana.

Alisukuma pazia la kibanda. Ndani mlikuwa na giza la moshi na jasho, na kwenye runinga kijana mmoja mdogo aliyechorwa alikuwa amelala kifudifudi juu ya majivu.

"Shikamoo, Mama Lesian," alisema Lucky, akishusha miguu kutoka kwenye meza. "Leo umekuja kucheza?"

"Marahaba. Nani anaongea humo?"

"Malkia wa Majivu huyo! Gemu mpya, imetengenezwa hapa hapa Arusha. Ukifa tu, anakusuta. Na hawa hawajui kucheza, wanakufa kama kuku wa kideri."

"Halafu mama, huyo anayekufa jina lake ni la bro Lesian!" alisema mmoja kutoka gizani. "Akirudi tutamtania mpaka ahame mtaa."

"Lesian yuko wapi kwani?" Lucky aliuliza.

"Kapanda mlima. Jana."

"Basi hapo!" Lucky alipiga makofi. "Ukipanda, usishuke!"

Wote wakaangua kicheko. Yule mchezaji akabonyeza, kijana wa kuchorwa akainuka, akapiga hatua mbili tatu, akaanguka tena. Malkia akaanza upya. Tumbo lililokubeba. Ziwa ulilonyonya. Wakavuta pumzi wote wapate kuitikia.

"Msiitikie!" Namelok alipaza sauti.

Waligeuka, wakamtazama. Hakuna aliyeijua sauti ile kuwa ni yake. Mashine ilikuwa imeishusha kidogo, na mitaani Namelok husema polepole kama mtu aliyebeba maji. Lucky alijikuna shingo.

"Mama, huu ni mchezo tu."

Namelok alitoka nje. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani. Alitoa simu, akampigia mwanawe, na yule dada wa kwenye mtandao akamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Haikuwa ajabu, mlimani mtandao huja na kuondoka. Hata hivyo alipiga tena, na tena, huku anatembea.

*

Mambo yalianza darasani, kwenye kipindi cha fasihi.

Walikuwa wanasoma tamthilia iitwayo Zizi la Shaba, na Mwalimu Ludovick, ambaye anaamini kwamba tamthilia isiyosomwa kwa sauti ni maiti, aligawa sehemu. Sehemu ya malkia katili ikamwangukia Namelok. Aliona haya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjumbe wa kina mama kanisani, aliyejifunza kusoma vizuri ukubwani kwa kufuatisha nyimbo za ibada kwa kidole. Lakini alipoanza kusoma, kitu kikamshika. Wenzake waliacha kuchezea kalamu. Mlangoni alikuwa amesimama binti wa mwalimu, Irine, aliyekuja kumchukua baba yake kwa gari.

"Mama, shikamoo," Irine alimkimbilia nje. "Sauti hiyo umeipata wapi?"

"Marahaba. Nimepewa na Mungu, mwanangu, sikuinunua."

"Basi niazime."

Irine na wenzake wawili walikuwa wanatengeneza gemu. Shujaa anapanda Mlima Meru kwenda kurudisha ng'ombe walioibwa, na ndani kabisa ya shimo la mlima, kwenye kile kilima cha majivu, anakaa Malkia. Huyo Malkia hana maneno yake mwenyewe. Kila aliyepanda akashindwa, yeye alimla pamoja na hadithi zake, na sasa anazungumza kwa maneno ya sinema na vitabu vya watu aliowala. Wachezaji wanaogopa, na papo hapo wanafurahi: ah, hili ni la ile sinema, hili tulilisoma kidato cha tatu!

Namelok alikubali kwa sababu hiyo hasa. Alipokuwa msichana alichoma mahindi nje ya banda la video, huko Kisongo. Kiingilio hakuwa nacho. Picha hakuziona. Alichosikia kupitia ukuta wa mabati ni sauti ya yule mtafsiri, aliyekuwa akiigeuza kila sinema kuwa Kiswahili, wazee, warembo na majambazi wote kwa koo lake moja. Namelok alizijua sinema nyingi kwa masikio tu, kama kipofu. Irine alipomsomea maneno ya Malkia, yeye ndiye aliyekuwa akicheka kabla hayajaisha. "Umekuja kwa miguu yako, utarudi kwa mabega ya wenzako." Hilo ni la yule mwalimu wa karate mwenye ndevu nyeupe! "Chai yako imepoa, mkwe wangu. Kunywa hivyo hivyo." Hilo la Kihindi, mama mkwe aliyetia sumu! Na lile la kiti lilitoka Zizi la Shaba yenyewe: "Aketiye hapa huiacha huruma mlangoni pamoja na viatu."

Ilikuwa furaha ambayo hakuwahi kuionja. Watu waliosoma hufanya hivi, alijiambia. Husikia neno na kujua limetoka wapi.

Walirekodi chumbani kwa Irine, Engutoto, mablanketi yametundikwa ukutani na godoro limezuia mlango ili bodaboda zisisikike. Asubuhi ya siku hiyo Lesian alikuwa amemuudhi. Alikuwa kijana mwema, mpagazi wa mlimani, mwenye kumletea mama yake sukari kila akishuka. Ila alikuwa na ulimi. Alimkuta mama yake anakariri mashairi, akasema mbele ya mafundi cherehani wenzake na mama, "Yeyo, ukifika kidato cha nne si utakuwa unasoma na miwani miwili? Watakuzika na daftari." Watu wakacheka. Yeyo ni mama, na kwa kawaida alilitamka kwa upole. Namelok alifunga daftari. Alilimeza lile jambo zima zima, likakaa tumboni.

"Bado moja," Irine alimwambia pale chumbani. "Shujaa anapokufa. Nimeandika hapa, ila ni baridi. Na wewe unalisoma, mama. Usilisome. Funga macho, mwite mtu unayemjua anayepanda huo mlima. Ongeza lako."

Namelok alifunga macho. Akamwita mtu anayemjua.

Maneno yakatoka yenyewe, kwa mpangilio wake, kama watu wanaoujua mlango. Alipofumbua macho Irine alikuwa amejikumbatia mikono.

"Mama. Nimesisimka hadi nywele. Hii hatuigusi. Na shujaa tulikuwa hatujampa jina, basi ndiye Lesian."

Angeweza kusema hapana. Aliona haya, na Irine alikuwa anafurahi sana, na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa amejisikia mwepesi. Hakumweleza Lesian habari za gemu. Angesemaje, mjumbe wa kina mama kuwa sauti ya mchawi?

*

Darasani jioni ile hakuweza hata kufungua daftari. Mwalimu Ludovick alipouliza kulikoni, alimwomba kitu kimoja tu, ampigie binti yake aje. Irine alikuja anahema, miwani kichwani, akidhani kuna msiba.

"Lifute," Namelok alimwambia. Walikuwa wamesimama barazani, madirisha ya darasa yakiwa wazi, na wenzake walijifanya wanasoma. "Lile la mwisho. Lifute leo."

"Nitalifuta, mama. Ila limeshaingia kwenye simu za watu. Nikitoa gemu iliyorekebishwa, mwenye bando ataipata, asiye na bando atabaki na ya zamani."

"Kwa hiyo litaendelea kusemwa."

"Litaendelea kwa muda." Irine alimshika mkono. "Lakini mama, kwani ni wewe? Yule ni Malkia. Na Malkia hana neno lake hata moja. La karate, la Kihindi, la tamthilia. Yote ya kuazima. Mtu halaani kwa maneno ya kuazima."

Mwalimu Ludovick aliunga mkono kwa kichwa. "Binti yangu kasema kweli, Mama Lesian. Mwigizaji akiua jukwaani hapelekwi polisi."

Kwa kitambo kidogo Namelok alipumua. Aliyapitia moyoni moja moja, kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani baada ya sherehe: hiki cha yule, hiki cha yule. La karate, kwa mwenyewe. La chai, kwa mwenyewe. La kiti, lirudi kitabuni. Akafika kwenye lile la mwisho, akaligeuza huku na huku, na hakuona mlango wa kulirudishia ila mmoja.

"Lile si la sinema," alisema.

"La wapi?"

"La bibi yangu."

Akawaeleza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, watu wasio wa ukoo wake. Bibi yake, Koko Nasieku, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Yiamat. Koko alipolazwa hospitali, Yiamat aliuza mtamba ambao mama yake alikuwa amempa jina na kumlea kwa mkono. Koko aliporudi akakuta zizi tupu. Alisimama mlangoni, akafungua nguo, akashika ziwa lake, akayasema. Tumbo lililokubeba. Ziwa ulilonyonya. Ukipanda, usishuke. Namelok alikuwa mtoto, amejificha nyuma ya pipa la maji. Yiamat alicheka, akachukua panga, akapanda msituni kukata miti. Walichokiokota baadaye ni panga tu.

"Na Koko," Namelok alisema, "kila jioni baada ya hapo alikuwa anatoka, anautazama mlima, anamwita. Yiamat! Yiamat! Mpaka alipokufa. Na kweli, ni mawe tu yaliyokuwa yanaitikia."

Ndani ya darasa hakuna aliyejifanya kusoma tena.

"Mama," Irine alisema taratibu, "wewe hukukusudia."

Namelok alitaka kusema ndiyo. Akakumbuka kicheko cha mafundi, miwani miwili, na ule wepesi aliouhisi maneno yalipomtoka. Alitazama chini.

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Yona, mpagazi mwenzake Lesian, na sauti yake ilikatika katika upepo.

"Mama, shikamoo. Lesian amefika hapo?"

"Afike wapi, Yona? Si mko naye mlimani?"

"Tuko Miriakamba, mama. Leo tulikuwa tumepumzika na wageni, dogo mmoja wa jikoni akafungua gemu kwenye simu. Kuna sauti humo..." Yona alisita. "Inafanana na yako, mama. Usinielewe vibaya. Ikamtaja Lesian, ikasema maneno makubwa. Sisi tukacheka, tukaitikia Naai kama utani. Yeye hakucheka. Alichukua simu akaisikiliza tena, ameibana sikioni. Akasema, hayo ni maneno ya Koko Nasieku, na huyo ni yeyo. Namfuata nimuulize nimemkosea nini. Tukadhani anatania, kaenda kuchota maji."

"Ameshuka peke yake?"

"Peke yake, mama. Bila askari. Na getini wanasema hajapita, na ukungu umeshuka."

Meru hapandi mtu peke yake. Kila msafara una askari wa hifadhi mwenye bunduki mbele, kwa sababu ya nyati. Kila mama wa mpagazi anajua hilo kama anavyojua jina la mwanawe. Namelok aliishusha simu sikioni. Kwa hiyo laana ilikuwa imeshaanza kazi, na haikuhitaji uchawi wowote. Ilikuwa imemkuta mtoto mahali penye usalama, ikamnyanyua, ikamtia porini.

*

Waliondoka Arusha kabla jua halijatoka, kwa gari la Mwalimu, Irine kwenye usukani. Namelok hakuwa amelala. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha Lesian ambacho hakijalaliwa, akaomba mpaka sauti ikamkauka, na mara hii maombi yalikuwa magumu kama kupanda ukuta. Kila alipofungua kinywa aliogopa kinywa chenyewe. Mchungaji angemwambia laana ya mtu haina nguvu mbele za Mungu, na yeye aliamini hivyo. Aliamini pia alichokiona nyuma ya pipa la maji. Mwishowe alisema tu: "Baba, ulisikia nilipolisema. Nisikie ninapolirudisha." Alfajiri alikamua maziwa kwa jirani, akayatia kwenye kibuyu, akang'oa majani mabichi kando ya mtaro.

"Mama, nikupe ushauri?" Irine alisema, walipopita Usa River na kuanza kupanda barabara ya hifadhi. "Tukimpata, na tutampata, mwambie ni ya sinema. Yote. Mwambie ni mimi niliyaandika. Roho yake itatulia, hata yako."

Namelok alikaza kifuniko cha kibuyu. Aliona ni neno jepesi, zuri, na lilikuwa karibu sana na ukweli.

Geti la Momella lilikuwa limezama kwenye ukungu. Twiga walionekana shingo tu, kama nguzo zinazotembea. Askari mmoja aliwaambia wenzake walikwisha kuingia msituni tangu kulipoanza kupambazuka, na Yona yuko pamoja nao, na kwamba jana jioni walimsikia nyati upande wa mto. Alisema hivyo, kisha akaona kibuyu mkononi mwa Namelok, akaelewa kuna mtu wa kubarikiwa, akaenda kusimama mbali.

Walingoja. Namelok alisimama mwanzo wa njia, uso kwa mlima asiouona. Alitamani kuita. Alifungua kinywa, lile jina likafika mpaka kwenye meno, na akalikamata hapo. Alimkumbuka Koko, na aliogopa kitakachoitikia.

Kilichotoka kwanza kwenye ukungu ni kofia ya askari. Halafu bunduki yake. Halafu Yona, na begani kwa Yona mkono, na mwenye mkono.

"Yuko hai!" Irine alipiga kelele. "Mama, yuko hai!"

Lesian alikuwa anachechemea, suruali imechanika hadi gotini, tope usoni. Alikuwa amejificha juu ya mti, Yona alieleza baadaye. Nyati alimkimbiza, akateguka mguu, akapanda, akakaa huko mpaka asubuhi, akiogopa kushuka kuliko alivyomwogopa nyati, kwa sababu aliambiwa asishuke.

Namelok alipiga hatua, mkono umeshainuka. Kwao kijana hamsalimii mama yake kwa mkono. Huinamisha kichwa, na mama huweka kiganja juu ya utosi. Lesian hajawahi kumnyima kichwa, hata siku ya ugomvi. Sasa alisimama mbali naye, akamng'ang'ania Yona, na kichwa kilibaki juu.

"Yeyo," alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea, mwanangu. Njoo."

"Nilikusikia. Usiniambie si wewe."

"Ni mimi."

"Ni gemu, Lesian," Irine aliingilia. "Mimi ndiye niliyetengeneza. Mama aliigiza tu. Yale yote ni ya kwenye sinema. La karate, la chai ya sumu, unayajua mwenyewe. Malkia anaazima maneno."

Lesian alimtazama, akamtazama mama yake. Usoni mwake kulikuwa na kitu kinachoomba kukubaliwa.

"Na la mwisho, yeyo? Hilo la ziwa. Ni la sinema gani?"

Irine alimtolea Namelok macho: sema. Ilikuwa rahisi. Angetaja sinema yoyote, nani angebisha, yeye ndiye aliyezisikia kupitia mabati. Mtoto angeinamisha kichwa. Lakini Namelok alijua jambo moja, nalo lilimtisha kuliko mengine yote tangu jana: neno la kuazima humwachia mwenyewe, na usilolikiri kuwa ni lako, huna mamlaka ya kulirudisha. Likiwa la sinema, litabaki hewani milele, linazunguka kutoka simu hadi simu, halina mama.

"Si la sinema," alisema. "Ni langu. Nililitoa kwa Koko, nikalisema juu yako. Ulikuwa umenicheka asubuhi ile mbele za watu, nikawa na hasira, nikaambiwa nimwite mtu, nikakuita wewe. Nilisema kwa moyo, Lesian. Dakika ile, kwa moyo."

Lesian alirudi nyuma hatua moja kwa mguu mbovu, Yona akamdaka. Irine alijifunika uso.

"Basi sasa lazima ulisikie na hili, kwa kinywa hicho hicho," Namelok alisema. Alipiga magoti mwenyewe kwenye tope, mama mbele ya mwanawe, jambo ambalo halifanyiki, akachovya majani kwenye maziwa. "Tumbo lililokubeba linakutaka."

Namelok alimtazama Yona, na macho yake yalikuwa yanamsihi aitikie.

"Naai," alisema Yona.

"Ziwa ulilonyonya liwe asali kinywani mwako."

"Naai," walisema Yona na yule askari.

"Ukipanda, ushuke. Ukiita, Mungu akuitikie, na mimi nikuitikie, na watu wakuitikie."

"Naai," walisema wote, na Irine, ambaye asili yake ni Marangu na neno hilo si la kwao, alilisema kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa ameinua simu arekodi, bila kufikiri, kama anavyofanya siku zote.

"Ishushe," Namelok alimwambia. "Hili si la mchezo."

Irine akaishusha.

Namelok alinyunyiza maziwa, akatema mate mepesi ya baraka kuelekea kifuani kwa mwanawe, kama alivyotemewa yeye na wazazi wake, kisha hakubaki na cha kufanya. Alikaa amepiga magoti na mkono wazi hewani. Ulikuwa mkono mzito. Aliomba kimya, bila maneno, maana maneno aliyamaliza.

Lesian aliachia bega la Yona. Alishuka chini taratibu, mguu mbovu umenyooka pembeni, mpaka akawa chini kuliko mama yake. Akainamisha kichwa. Kilikuwa cha moto, kimejaa majani makavu na ukungu.

*

Walirudi mchana, mguu umefungwa bendeji. Gari halikuweza kuingia uchochoroni, kwa hiyo walitembea, Lesian amemwegemea mama yake, na njia ilikuwa ile ile. Namelok alitaka wazunguke kwa nyuma. "Tupite tu, yeyo," Lesian alisema. "Nitapita hapa maisha yangu yote."

Walikuwa hawajafika kwenye pazia, ile sauti ikatoka.

"Lesian!"

Namelok alihisi mkono wa mwanawe ukimkaza, kucha zikaingia. Kijana mkubwa, mbeba mizigo, alikuwa anatetemeka kama alipokuwa mdogo na radi zikipiga mlimani. Malkia alisema yote, hakuacha hata moja. Tumbo. Ziwa. Ukipanda.

Pazia lilikuwa limefunguliwa nusu kwa ajili ya joto. Vijana walikuwa wameshavuta pumzi, vinywa wazi. Mmoja akageuka, akawaona wale wawili wamesimama kwenye mwanga. Akampiga mwenzake kiwiko. Lucky akainuka kitini.

"Uitikiwe na jiwe," Malkia alimalizia, akangoja.

Hakuna aliyeitikia.